Bawabu Aliyejibu Kabla Hajavaa

Uvumi ule Sekela aliusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na tangu hapo ukamganda kama ulimbo. Walisema kuna mtoto huko Kiwira, wa darasa la pili, aliyepanda gari lisilo na dereva shule nzima ikimwangalia. Gari likaenda kumshusha stendi ya Uyole, akakutwa jioni ameketi na wauza viazi anatafuna muwa. Lile gari lilikuwa limefuata utaratibu wote. Lilipiga hodi kwa bawabu wa mtoto, likauliza kama limchukue, na bawabu akajibu haya. Wazazi walipompeleka kwa fundi akaguliwe, ikaonekana kwamba wakati anajibu alikuwa hajaamka. Alikuwa bado anaoga.

Tusajigwe, jirani yake, waliyekuwa wamepanga naye foleni, alicheka mpaka unga ukampalia. Akasema watu wa mjini hawana kazi, kesho watasikia mtoto kaozwa kwa trekta. Lakini Sekela hakucheka. Alirudi nyumbani na debe lake kichwani, na kila hatua lile neno lilikuwa linamgonga utosini. Alikuwa bado anaoga.

Bawabu mwenyewe ni kitu kidogo kama punje ya ulezi. Kila mtoto huwekewa nyuma ya sikio angali mchanga, siku ya chanjo ya kwanza, na tangu hapo hakuna mashine inayoruhusiwa kumgusa mtoto kabla ya kupiga hodi. Geti la shule linapiga hodi. Gari linapiga hodi. Mashine ya tiba, hata ikitaka kumpa kidonge cha minyoo, inapiga hodi. Bawabu anaijua miiko ya mtoto wake yote, na ndiye anayesema haya au hapana. Mama naye ana bangili mkononi. Akibonyeza kwa kidole gumba anapiga hodi kama wengine, akiuliza, bawabu anampelekea mtoto swali, na mtoto anajibu mwenyewe. Mtoto akiwa hana nafasi, bawabu humjibia kwa sauti ya mtoto huyohuyo.

Bupe, binti yake Sekela, alikuwa na mwiko mmoja mkubwa: sindano ya penisilini. Alipokuwa anajifunza kutembea walimchoma moja tu, akavimba mpaka macho yakazama, na bibi yake alishaanza kumlilia. Mwiko ule uliwekwa ndani ya bawabu siku hiyohiyo. Sekela akatulia, maana bawabu hasahau.

Siku ya kuoga ikafika. Kuoga ndiko watu walikokuita kule kumzima bawabu na kumwasha upya ili avae maagizo mapya kutoka kwa waliomtengeneza. Hufanyika shuleni asubuhi, watoto wote kwa pamoja, na huisha kabla uji haujapoa. Bupe aliamka na koo linalomkwaruza. Sekela akamchemshia tangawizi, akamfunga shuka shingoni kwa ajili ya ukungu, akamwambia asikubali kupanda gari lolote, hata likimwita kwa jina la ukoo.

"Mama, mimi nina miguu," Bupe alisema.

*

Kazi ya Sekela ilikuwa kuchunga mashine za kuchuma chai. Zilikuwa kumi na kitu, zinatambaa juu ya majani kama kondoo wa bati, na kazi yake ilikuwa kuzirudisha zikivuka mpaka kuingia kwa jirani. Asubuhi ile hakuziangalia. Alikuwa anaiangalia bangili.

Alibonyeza akauliza kama Bupe amefika.

"Haya," ikasema sauti ya Bupe.

Moyo ukashuka mahali pake. Dakika haikupita, moyo ukapanda tena, naye akabonyeza tena. Akauliza kama koo bado linauma. Haya. Akauliza kama amekaa mbali na magari. Haya. Mashine moja ilishavuka mfereji, ipo kwa jirani inanyoa majani yasiyo yake, na mwenye shamba anapiga mluzi. Sekela hakusikia. Alikaa juu ya kikapu, kidole gumba juu ya bangili, akakiacha hapohapo, kwa maana ukikiacha kidole bangili huendelea kupiga hodi yenyewe, nayo kila hodi ilirudi na lile neno kwa sauti ile anayoijua. Haya, haya, haya. Lilimliwaza kama mtu anayembembeleza.

Kitu kimoja kikaanza kumkereketa taratibu. Bupe hakuwa mtoto wa kujibu kwa neno moja. Ukimuuliza Bupe kama amefika, anakuambia amefika, na nani kamkanyaga njiani, na kwamba mwalimu amevaa gauni la jana. Halafu, mtu akiulizwa kama amefika, anajibuje haya? Haya ni jibu la mtu aliyetumwa dukani. Ni jibu la mtu ambaye hakusikiliza.

Sekela akasimama. Akabonyeza, akauliza polepole, kama anayeongea na mtu aliye upande wa pili wa ukuta.

"Bupe. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Haya."

Alizitupa mashine na kikapu, akakimbia.

*

Getini hakuna gari. Hilo ndilo alilolitazama kwanza, na alipoona hakuna akaegemea nguzo akahema. Ndipo Mwalimu Atupele, anayefundisha darasa la Bupe, akamjia kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia, kitenge kimemlegea kiunoni. Alimwambia Mama Bupe wasisimame, watembee, atamweleza njiani.

Walikwenda kituo cha afya, chini ya shule, na maneno yalimfikia Sekela vipandevipande. Bupe alilalamika koo. Alipelekwa chumba cha tiba. Mashine ya tiba ikamwangalia mdomoni, ikaona usaha, ikachagua penisilini. Ikapiga hodi. Mwalimu alikuwepo na aliiona taa kwa macho yake: kijani. Bawabu alisema haya. Mashine ikachoma.

Sekela alisimama katikati ya njia. Mwalimu akamshika bega akamvuta, akasema kwamba mtoto yu hai. Alianza kuvimba, mashine ikatambua kosa lake, ikapiga hodi tena iruhusiwe kumchoma dawa ya kuzuia uvimbe.

"Bawabu akasemaje?" Sekela aliuliza.

"Akasema haya."

Kwa hiyo neno lililokaribia kumwua ndilo lililomwokoa. Bupe walimkuta kitandani, uso umevimba kama aliyeumwa na nyuki, anapumua kwa filimbi. Jicho moja lilikuwa limefunguka kidogo, likamtafuta mama yake, likampata. Sekela alikaa pembeni, mkono wenye bangili mapajani. Mkono wa pili ulikuwa juu yake, kidole gumba kimebana bangili. Hakujua kwamba bado kipo hapo. Kilikuwa huko tangu asubuhi.

*

Fundi wa bawabu alifika na mvua mgongoni. Aliitwa Ambakisye, kijana wa viatu vya mpira na maneno mengi, ambaye hata akija msibani huanza na utani. Safari hii alimtazama Bupe, utani ukamfia kinywani. Alisema ameitwa kwa sababu bawabu wa mtoto huyu bado hajatoka kuoga. Wenzake wote walishavaa tangu saa ya uji. Huyu mpaka sasa yuko uchi, na kila anayebisha anamjibu haya.

Sekela alimuuliza kwa nini kitu kisichoamka kinajibu. Hilo ndilo alilotaka kujua. Mtu aliyelala hujibu?

Ambakisye akavuta kigoda. Alieleza kwamba bawabu ana vitu viwili, sikio na akili. Akiwashwa, sikio hufunguka kwanza kwa kuwa ni jepesi. Akili huja nyuma inajikongoja, imebeba miiko, majina ya ndugu, na maagizo mapya. Katikati hapo kuna mwanya. Sikio linasikia hodi, lakini ndani hakuna mtu wa kuamua. Waliomtengeneza kwa ajili ya huku kwetu walijiuliza wafanye nini na huo mwanya. Wakaona kwamba kwetu si adabu mgeni kubisha mlango ukae kimya. Mtu akiwa bafuni akasikia hodi, hata kama hajui ni nani, hupaza sauti kwamba haya, nakuja. Wakamfundisha bawabu hivyohivyo.

"Yeye anamaanisha nimekusikia," Ambakisye alisema. "Mashine inasikia pita ndani. Heshima yetu ndiyo iliyomponza, mama."

Sekela aliuliza mwanya huo ni mkubwa kiasi gani. Fundi akajibu kwamba kwa kawaida ni kama kufunga vifungo vya shati. Kinachomshangaza ni huyu wa Bupe, anafunga vifungo tangu asubuhi na hamalizi. Akatoa kisanduku chake, akakiweka karibu na sikio la mtoto, akasema atamwogesha upya hapahapa, na atafungua sauti ili wote wasikie nani anabisha.

Akabonyeza. Kimya kidogo. Kisha kisanduku kikaanza kutoa sauti ya Bupe, huku Bupe mwenyewe amelala na midomo imefumba.

Haya. Haya. Haya. Haya.

Ambakisye alizima mashine ya tiba iliyokuwa ukutani. Haya, haya. Akapiga simu shuleni wazime geti. Haya, haya, haya. Akamwomba muuguzi atoe nje kila kinachowaka, hata saa. Haya. Fundi akakuna kichwa. Alisema kuna mtu anabisha bila kupumzika, na bawabu ni mdogo, hana mikono minne. Mkono uleule unaofunga vifungo ndio unaokwenda mlangoni. Akifunga kimoja, hodi, anakiacha anakwenda. Akirudi anaanza tena juu. Mwenye kubisha hivi anaweza kumweka uchi mpaka kesho.

Akageuka kumtafuta anayebisha, chumba chote, dirishani, mlangoni, chini ya kitanda. Macho yake yakapita kwa Sekela, yakaenda, yakarudi. Yakashuka mpaka mapajani kwake. Akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba kuna nyoka karibu na mguu wake.

"Mama. Toa kidole."

Sekela akatazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kidole kilikuwa cheupe kwa kubana. Akakiinua.

Kisanduku kikasema haya moja ya mwisho, kikanyamaza. Haikupita zaidi ya muda wa kufunga vifungo vya shati, ikatoka sauti ileile, lakini sasa ina mtu ndani yake: bawabu wa Bupe yuko tayari, mwiko wake ni penisilini.

Ambakisye alifunga kisanduku bila kumtazama. Muuguzi akajifanya anakunja shuka. Sekela hakulia. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mtoto wake tangu asubuhi akizuia gari la Uyole lisiingie, na kwa kusimama kwake pale mlango haukufungika.

*

Wiki haijaisha, wazazi waliitwa shuleni. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi mwalimu mkuu aongee kwa kupasua. Alisema waliotengeneza bawabu wameandika kwamba kila shule ichague neno lake la kujibu wakati wa kuoga. Neno ni moja kwa watoto wote, kwa maana mashine ni zilezile. Likiwa haya, linabaki kama lilivyo. Likiwa hapana, hakuna mashine itakayogusa mtoto hata mmoja mpaka bawabu wake avae.

Watu wakageuka kumtazama Sekela. Bupe alikuwa amekaa miguuni pake, uvimbe umeisha, sauti bado ya jogoo anayejifunza kuwika. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwenye mtoto aliyeponea chupuchupu akisema hapana, nani atanyoosha mkono kumpinga? Sekela mwenyewe alikuwa amelilaza neno hilo ulimini tangu kituo cha afya.

Tusajigwe akasimama kabla yake. Tusajigwe yule wa kwenye foleni ya unga, ambaye hakuna jambo asilolicheka. Alikuwa amemshika mkono binti yake Lugano, msichana mwembamba mwenye kifaa kidogo cha dawa kilichobandikwa shingoni. Lugano ana kifafa. Kikianza, kile kifaa hupiga hodi kwa bawabu ili kiachie dawa.

"Mwaka jana kilimshika wakati bawabu wake anaoga," Tusajigwe alisema. "Kifaa kikabisha. Bawabu akasema haya. Kama angesema hapana, leo ningekuja hapa peke yangu."

Akamgeukia Sekela. Alisema hamwombi, maana jambo hili halina kuombana, na yeye angekuwa katika nafasi ile angetaka hapana vilevile. Anataka tu Mama Bupe amtazame Lugano usoni wakati anasema.

Sekela akamtazama. Lugano alimtabasamia kwa adabu, kama mtoto anavyomtabasamia jirani anayemtuma chumvi. Na hapo ndipo Sekela alipoona kwamba neno lake lina makali pande zote mbili, ukilishika popote linakata mtoto wa mtu. Akasimama. Akajikuta anasimulia habari ya kidole.

Aliisema yote. Kikapu, mashine zilizovuka mfereji, haya zilizokuwa zinambembeleza, kigoda cha fundi. Alisema bawabu wa mwanawe hakuwa mzembe, alikuwa anaitwa. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, alisema. Kisha akina mama, mmoja mmoja, wakaanza kuzitazama bangili zao. Mwingine akaificha chini ya kanga.

Kutoka nyuma, Ambakisye aliomba kusema. Alisema kuna neno la tatu ambalo waandishi wa ile barua hawakulitaja, ngoja. Hawakulitaja kwa sababu mashine hazilijui. Ukiiambia ngoja, inabisha palepale tena, na tena, kama zuzu. Lakini mashine hufundishika. Yeye anaweza kuzikalisha zote za shule hii akazifundisha kwamba ukisikia ngoja, kaa mbali kidogo ndipo urudi. Siku mbili tatu zinamtosha.

"Sina hofu na mashine," alisema. "Hofu yangu ni ninyi akina mama."

Watu wakacheka, na kicheko kikawafungua vifua. Tusajigwe peke yake hakucheka. Aliuliza kifaa cha Lugano nacho kitaambiwa ngoja? Fundi akainamisha kichwa. Kitaambiwa. Kwa hiyo, Tusajigwe akasema, lazima mtu akae na mtoto na dawa ya kupuliza puani mkononi, mtu mwenye macho yake, mpaka bawabu avae. Yeye mwenyewe hawezi. Alishajaribu nyumbani mara moja, mikono ilitetemeka mpaka dawa ikaenda sikioni.

Akamnyooshea Sekela kidole.

"Wewe ndiye uliyefungua mdomo. Ukitaka mwanangu angoje, njoo ungoje naye."

*

Bawabu walioga tena siku ya kwanza yenye jua. Mwalimu Atupele alipita na ndoo, kila mzazi akavua bangili akaitupia humo, zikalia kengkeng kama masufuria yanayohama nyumba. Ya Sekela ilikataa kutoka, ikabidi aipake sabuni. Mkono ukabaki na alama nyeupe pale ilipokuwa, na alama ile ilimwasha kuliko bangili yenyewe.

Bupe alikuwa darasani kwake, upande ule mwingine wa uwanja. Sekela alikaa kwenye mkeka na Lugano, chupa ndogo ya dawa kiganjani. Fundi alikuwa amefungua sauti ili kila jibu lisikike. Filimbi ikalia. Shule nzima bawabu wakazimika, wakawashwa. Mahali fulani geti lilibisha, na sauti ya mtoto fulani ikasema ngoja. Nyingine ikasema ngoja. Uwanja mzima ukawa unanong'ona neno hilo, kama watu wanaopisha jeneza.

Lugano alikuwa anamsimulia habari ya mbuzi wao mwenye wivu. Katikati ya sentensi akaacha. Jicho likapanda juu, kope zikaanza kupepea kama bawa la kipepeo aliyelowa, na vidole vikajikunja. Kifaa shingoni kikapiga hodi.

"Ngoja," ikasema sauti ya Lugano, tulivu kabisa, huku Lugano mwenyewe anaanguka.

Sekela alimdaka. Kwa kufumba na kufumbua alimwaza Bupe. Aliwaza koo lake, na mashine ya tiba, na kama kuna aliyemgusa sasa hivi, na kidole gumba kikaruka kutafuta bangili kikakuta ngozi. Kikaruka tena. Mara ya tatu akakikunja kwa nguvu ndani ya ngumi, akamlaza mtoto ubavu, akamwinua kidevu, akaingiza mdomo wa chupa puani, akabana. Akasubiri. Mkono haukutetemeka. Mtoto akashusha pumzi ndefu na vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja.

"Mbuzi," Lugano akasema kwa ulimi mzito. "Nilikuwa wapi?"

"Alikuwa anakula kanga ya mama yako."

Kisha uwanja ukakaa kimya. Hakuna tena ngoja. Walishavaa wote.

Tusajigwe alikuja anakimbia kutoka getini alikokuwa amegeuza uso ukutani, akapiga magoti. Alimshika Sekela mkono wenye ile alama nyeupe akaubana kwenye shavu lake lililolowa. Mwalimu akaleta ndoo. Sekela akaitambua bangili yake kwa mkwaruzo, akaivaa, akakaa kwanza. Akahesabu pumzi zake mwenyewe mpaka zikatulia. Ndipo akabonyeza, mara moja, akaondoa kidole.

Hakuuliza uko wapi. Hakuuliza umepona.

"Bupe, leo asubuhi nani alimwaga chai?"

Kukapita kimya, kirefu kuliko vyote alivyovisikia maishani mwake.

"Wewe mama. Halafu ukamsingizia paka."

*

Mwenye mtoto mwenye bawabu aepuke haya:

Kubonyeza bangili wakati mtoto anaogeshwa bawabu, hata mara moja, hata kama umeota vibaya.

Kuacha kidole juu ya bangili. Ukihisi umekisahau, jua umekisahau.

Kumpeleka shule mtoto anayeumwa siku ya kuoga. Koo linalokwaruza ni ugonjwa.

Kuichagulia shule neno kabla hujawatazama usoni watoto wa wenzako.

Kumwachia bawabu mwiko wa mtoto. Mfundishe mtoto autaje mwenyewe kwa mdomo wake, na mwalimu aujue, na jirani aujue.

Kulinda mlango uliousikia kwenye uvumi na kuipa mgongo mingine.

Kutulia kwa sababu umejibiwa haya. Muulize mtoto kitu ambacho haya haiwezi kukijibu, kisha nyamaza umsikilize.